Kipandio Kinacholia

Kabla hakujapambazuka, Bi Marlys Dunkelberger alisikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe jikoni kwake. Kiligonga kwa muda mrefu, kama cha mtu aliyetia sukari nyingi na hana haraka. Alivaa sweta juu ya gauni la kulalia, akashuka. Binti yake Joleen alikuwa amekaa mezani na kahawa, amevaa ile sketi ya kijani aliyokuwa nayo siku alipokufa, nywele zimepuliziwa dawa zikasimama, kama walivyopenda wasichana wa miaka ya themanini. Bado alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Maziwa yako yameanza kuchacha, mama," alisema.

Bi Marlys alinusa pakiti, akayamwaga, akafungua mengine. Kisha akamwuliza kama atakula mayai. Joleen akasema atakula, ila asimkaushie.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Katika mji ule mdogo wa Pennsylvania kila baraza lilikuwa na boga lililochongwa macho na meno, kwa ajili ya usiku ule watoto wanapovaa vinyago na kupita wakiomba peremende. Nyumba ya Bi Marlys ilikuwa na zaidi ya hayo, kwa sababu watu wa sinema walikuwa wamehamia humo kwa wiki hiyo. Walikuwa wakitengeneza filamu ya kuchekesha ya muuaji mwenye kinyago, kwa heshima ya ile ya zamani iliyopigwa katika nyumba hiyohiyo. Katika ile ya zamani walihitaji msichana wa kupiga kelele na kufa wa kwanza, na binti wa nyumba alikuwa karibu. Joleen alianguka kwenye ngazi za chumba cha chini, akavunjika shingo. Kampuni ikasema ni viatu vyake virefu, kwamba aling'ang'ania kuvivaa. Picha ya kuanguka kwake waliiacha ndani ya filamu. Bi Marlys alifunga mlango wa ngazi zile kwa ufunguo na hakuufungua tena, mpaka vijana hawa walipomwomba kwa adabu. Nyumba ilikuwa imekaa muda mrefu bila wageni.

Walikuwa vijana wazuri. Walifuta viatu mlangoni. Muuaji alikuwa akichezwa na yeyote aliyekuwa hana kazi saa hiyo, na siku Bi Marlys aliporudi kutoka dukani, muuaji mmoja mfupi alimbebea mifuko yote hadi jikoni bila kuvua kinyago, akayaweka mayai juu, yasipondeke. Damu waliipika wenyewe kwenye jiko lake kwa shira ya mahindi, rangi ya chakula na kakao kidogo, na walikuwa wakisugua sufuria kila walipomaliza.

Walipoingia asubuhi hiyo walimkuta Joleen akila. Mwongozaji wao, Corinne Yoder, alisimama akamtazama, kisha akampa mkono.

"Wewe ndiye Kifo cha Kwanza," alisema. "Nimekutazama ukianguka tangu niko shule ya msingi. Mpaka leo tunacheka."

"Asante," alisema Joleen. "Nilikuwa sijui kama nilitoka vizuri."

Wengine walitaka kupiga naye picha. Mpambaji alimgusa shavu na kusema huyu hahitaji poda.

Mzee Lowell Pruitt naye alikuwepo mezani. Ndiye aliyeongoza ile filamu ya zamani, na kama ilivyo kawaida ya filamu za namna hii, walikuwa wamempa nafasi ndogo ya heshima: jirani anayegawa peremende na kukatwa kichwa. Joleen alimsalimu. Halafu, akipaka mkate siagi, akaeleza kwamba kipandio cha katikati cha ngazi za chumba cha chini kilikuwa kimeoza tangu wakati ule. Seremala alitaka kukibadilisha, na Lowell alimkataza, kwa sababu kilikuwa kikilia vizuri kikikanyagwa.

Watu waliendelea kula. Mzee Lowell alikubali kwa kichwa.

"Kilikuwa na mlio mzuri sana," alisema. "Siku hizi mlio kama ule huupati."

Bi Marlys aliweka birika chini. "Mlisema ni viatu."

"Kampuni ndiyo iliyosema viatu, Marlys. Mimi nilisema tu sikuona."

Alisema hivyo kwa upole, akamsogezea Joleen chumvi. Corinne alimtuma fundi wa sauti akakikanyage kipandio, na fundi akarudi akiwa na furaha, akasema bado kinalia.

Tangu hapo Bi Marlys hakuweza kukaa. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Alasiri hiyo aliyepangiwa kufa wa kwanza alikuwa Kaylin, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi, ambaye kila siku alimfunika bibi blanketi miguuni wakati wa kusubiri. Kaylin angekimbia kushuka ngazi zile kinyumenyume, akipiga kelele. Bi Marlys alimwambia Corinne ubao umeoza. Corinne akasema wataangalia. Akamwambia tena. Corinne akamshika mkono, akamwambia asiwe na wasiwasi, bibi, wataangalia wakishapiga.

Walipokwenda kula mchana, Bi Marlys alichukua nyundo ya marehemu mumewe, akapiga magoti kwenye ngazi, akakiegemezea kipandio kipande cha mbao, akakipigilia. Magoti yalimuuma. Alipokanyaga, hakikulia.

Kijana wa kamera ndiye aliyeona. Akaleta picha za jana, ambamo ubao ulikuwa umebonyea, akazilinganisha na ngazi ya leo. Hawa walikuwa watu ambao muuaji wao aliingia mlangoni akiwa mfupi na kutokea upande wa pili akiwa mrefu, na wakacheka wakasema ndiyo utamu wenyewe. Lakini ubao wa jana na wa leo lazima ufanane.

"Watazamaji wataona, Bi Marlys," alieleza Corinne. "Watatusema."

Waling'oa misumari pole pole wasiharibu mbao. Wakaiweka yote ndani ya kikombe na kumrudishia, isije ikapotea.

Waliziba madirisha kwa plastiki nyeusi, mchana ukawa usiku. Kaylin alisimama juu ya ngazi akifuta viganja kwenye suruali. Joleen akamsogelea.

"Nipe blauzi yako."

"Si zamu yangu?"

"Mimi nimeshavunjika, dada. Hakuna kitakachoongezeka."

Kaylin alimtazama Bi Marlys. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akavua blauzi, akamkabidhi ikiwa imekunjwa vizuri. Corinne alisema sawa, hata ni bora zaidi.

Joleen alishuka kinyumenyume akipiga kelele. Kipandio kililia, kikakatika upande mmoja, naye akaenda mpaka chini. Bi Marlys alikuwa ameshika mkono wa Kaylin. Fundi wa sauti alinyoosha kidole gumba. Watu wote wakapiga makofi, kama wanavyofanya mwigizaji anapomaliza kazi yake. Mara ya kwanza, miaka ile, hakuna aliyepiga.

Muuaji alimwinua Joleen. Kichwa kilikuwa kimelala begani. Bi Marlys alishuka, akakishika kwa mikono miwili, akakinyoosha kama mtu anayenyoosha kola ya mtoto kabla ya shule. Corinne akaomba mara moja zaidi, kwa sababu taa ilikuwa imechelewa. Wakaushikiza ubao, Joleen akapanda tena juu.

Jioni watoto walipoanza kupita wakiomba peremende, magari ya sinema yalikuwa yameondoka. Mzee Lowell alikuwa amepigwa picha ameketi kwenye kile kipandio. Corinne alimkumbatia Bi Marlys na kusema mwakani watakuja kupiga sehemu ya pili, yenye wasichana wengi zaidi, na tafadhali ngazi asiiguse, ifanane.

Joleen alikuwa akifunga vifungo karibu na mlango wa nyuma.

"Nikiipigilia?" aliuliza Bi Marlys.

"Mimi huja akiwepo wa kuanguka, mama. Asipokuwepo sina la kufanya huku."

Nje mtoto fulani alikuwa akicheka. Bi Marlys alichukua koti lake mwenyewe msumarini, akamvika.

"Sisikii baridi," alisema Joleen.

"Vaa tu."

Akamfungia mpaka shingoni, akamshikia mlango.

"Basi uje tena, mwanangu."