Jina la Mwihaki Ukutani

Mwihaki alipompangisha Walubengo chumba cha nyuma ya duka lake katika mtaa wa Manyatta, aliambiwa mpangaji huyo ni mchoraji. Akadhani ni wa mabango ya vinyozi. Miezi miwili baadaye, akimpelekea ufunguo wa choo, aliukuta mlango wazi na mwenyewe hayupo. Ukutani palitundikwa turubai kubwa lililojaa maandishi.

Maneno yalipangwa kama ususi wa mkeka, mekundu kwa meusi, yakijipinda na kurudi. Kwa mbali yalionekana maua. Kwa karibu yalikuwa majina. Alisoma la Selpha muuza dagaa wa omena, la Shitanda fundi wa viatu, halafu lake: MWIHAKI, MWIHAKI, MWIHAKI, ukingo hadi ukingo.

Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, kabla duka la ndugu yake halijachomwa, kuna mtu alilitia alama ya rangi nyekundu mlangoni, kuonyesha mwenyewe ni wa kabila lisilotakiwa. Na uchaguzi mwingine ulikuwa unakaribia.

Siku tatu hakumwuliza kitu. Alimchunguza tu: nani anamtembelea, anaongea na nani kwa simu, mbona anasimama kusoma vibao vya maduka. Magunia ya mchele akayahamishia kwa dadake huko Nakuru.

Siku ya nne asubuhi akabisha.

"Walubengo, nani alikutuma uandike majina ya watu?"

Walubengo akaweka brashi chini. "Hakuna, Mama. Ni watu wa njia yetu hii. Nilitaka picha ambayo sote tuko ndani. Hata mimi niko, ona."

Alikuwepo kweli, kwa herufi ndogo, kwenye kona.

"Na mbona langu ndilo jingi?"

"Wewe ndiye ulinipa nyumba, wengine wakininyima."

Mwihaki alimkazia macho akitafuta uongo usoni mwake, asiuone. Hilo halikumtuliza. Waliomchomea ndugu yake duka pia walikuwa wateja wake, watu wa salamu nzuri.

"Nitoe humo," akasema.

"Nikikutoa, Mama, picha yote itavunjika."

"Nitoe."

Walubengo akafungua mkebe wa rangi nyeupe, akaanza kulifuta jina lake kila mahali lilipoandikwa. Kazi hiyo ilimfikisha saa kumi jioni. Mwihaki alikaa kwenye kiti cha plastiki akimtazama mpaka jina la mwisho. Aliona aibu, lakini hakumwambia aache.