Jora la Vipepeo

Haya alinisimulia mkwe wangu, fundi cherehani, Jumamosi iliyopita alipokuja kunifupishia mikono ya sweta. Alisimulia huku pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo ilinibidi nivute subira. Kipande cha mwisho nilikipata kwa binti yangu, maana hadithi ilipofika hapo fundi mwenyewe hakuwa na habari ya dunia.

Binti yangu ni muuguzi, na mwezi ule alikuwa zamu ya usiku. Kila mwaka, maonyesho ya mavuno yakifika kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zao, ni yeye aliyewapeleka watoto, hata kama ametoka kazini macho mekundu kama pilipili. Fundi siku zote alikuwa na nguo za watu. Lakini mwaka huu alimwona mkewe akitia vijiko viwili vya chumvi kwenye chai na kuinywa yote bila kushtuka. Moyo ukamchoma.

"Mama watoto," akamwambia, "kesho ukitoka kazini, moja kwa moja kitandani. Watoto nitawapeleka mimi."

"Wewe? Wote watatu? Wewe ambaye mkasi uko mkononi na bado unautafuta?"

"Mkasi hauitiki ukiitwa. Watoto wanaitika."

"Haya baba. Ila nikisikia hata mmoja kapotea, mimi usingizi basi tena, mpaka wamalize shule."

Fundi akaapa kwamba mkewe atalala mpaka achoke kulala. Na hakuwa anatania, kwani alikuwa na mpango wake. Mwezi mzima nyuma alinunua jora la kitambaa cha njano chenye vipepeo wekundu, njano ya kuumiza macho, ambayo mtu angeiona hata akiwa ng'ambo ya uwanja. Akawashonea wote watatu. Mkubwa, binti wa miaka saba wanayemwita Wakili kwa vile hashindwi maneno, akapata sketi na blauzi. Wa kati, mvulana wa miaka mitano, yeye ni Injini, maana hatembei bila kunguruma. Huyo akapata shati. Kitinda mimba, Kifaranga, wa miaka mitatu, akapata gauni lenye kola ya duara.

Saa tatu asubuhi mama akajifungia chumbani, na fundi akatoka na vipepeo wake kifua mbele. Walizungushwa juu ya farasi wa mbao. Walimtazama mtu anayetembea juu ya miguu ya miti. Injini alishindana kupiga kelele na trekta, na trekta ndilo lililozimwa kwanza. Wakafika kwa muuza aiskrimu. Injini akajipaka mpaka masikioni, na fundi akauachia mkono wa Kifaranga, kufumba na kufumbua tu, amfute mwenziwe uso.

Akageuka. Gauni la njano lile pale. Akalishika mkono, wakaanza kwenda zao.

"Wewe si baba yangu," gauni likasema, bila hofu yoyote.

Mama mmoja akaja mbio nyuma yao. "Fundi! Siku hizi unachukua mpaka watoto?"

"Samahani sana, mama. Nilidhani ni wa kwangu."

"Gauni ni la kwako. Mtoto ni wa kwangu."

Hapo ndipo fundi alipoinua macho akauangalia uwanja vizuri. Njano kwenye foleni ya bembea. Njano juu ya mabega ya watu. Njano mbili zinagombania puto. Jora lile lilikuwa kubwa, na mwezi mzima akina mama waliokuja kushonesha nguo za maonyesho walikuwa wakikipenda kile kitambaa, naye akakata na kushona, akakata na kushona, mpaka likaisha. Wala haikumpitia akilini. Machoni pake hakuna nguo mbili zilizofanana: hii ina lesi, ile ina mfuko wa pembeni, ya tatu imebanwa kiunoni. Fundi huona mshono. Rangi huonwa na watu wengine.

Akamkamata Wakili mkono huu na Injini mkono ule, wakakimbilia jukwaani kwa mtangazaji. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye moyo wa kusaidia, na kipaza sauti chake kilisikika mpaka mawinguni.

"Ndugu wananchi! Anatafutwa mtoto wa miaka mitatu, gauni la njano, vipepeo wekundu! Aliyemwona amlete hapa jukwaani!"

Watu wakaleta. Dakika kumi hazikupita, vipepeo kumi na mmoja walikuwa wamepangwa mbele ya jukwaa, wawili kati yao wavulana, na mama zao wanakuja nyuma wakitweta.

"Haya, fundi," mtangazaji akasema. "Chagua."

Fundi akapita mstarini akigeuza kola moja moja. "Huyu lesi, siye. Huyu vifungo vinne, siye. Huyu ... aa, huyu nilimwachia pindo, bado atarefuka."

"Baba," Wakili akamvuta shati. "Unatafuta gauni au unamtafuta Kifaranga?"

Fundi akasimama kama aliyemwagiwa maji. "Wewe ungemtafuta wapi, mama?"

"Kwa sungura. Tulipopita pale aliomba tusimame, mara tatu. Wewe ulikuwa unalitazama koti la yule babu, unasema bega limepinda."

"Na kweli lilikuwa limepinda," Injini akamtetea baba yake.

Mtangazaji naye, kwa kuwa ana moyo wa kusaidia, akaendelea: "Baba yake ni fundi cherehani, wa zile nyumba za nyuma ya uwanja!"

Fundi akamrukia. "Zima, ndugu yangu! Zima! Mama yao amelala!"

Alikuwa amekaribia mno. Maneno hayo nayo yakapita kwenye kipaza sauti, yakaruka uwanja, yakatua juu ya mabati ya nyumba zile zile.

Mguu niponye mpaka kwenye banda la sungura. Pale, ndani ya uzio, Kifaranga alikuwa amechuchumaa na fulana na chupi tu, kidole mdomoni kuwanyamazisha watu. Gauni lake lilikuwa limetandazwa juu ya sungura mmoja mnene na watoto wake sita.

"Amesema wanasikia baridi," mfugaji akaeleza kwa kunong'ona. "Nikamwambia hawa wana manyoya. Akaniambia ninyamaze, wanalala."

"Hukusikia tangazo?"

"Nimesikia. Wamemtaja mtoto mwenye gauni. Huyu hana gauni."

Fundi akambeba, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alipogeuka, mkewe, aliyeelekezwa na mtangazaji, alikuwa amesimama pale mlangoni. Koti juu ya nguo ya kulalia, mguu mmoja kiatu cha kazini, mwingine kandambili. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti: mmoja, wawili, watatu.

"Umesikia?" fundi akauliza.

"Nimesikia."

"Kiasi gani?"

"Yote. Ila lile la kwamba mama yao amelala ndilo nimelisikia vizuri zaidi."

Kicheko kikamshinda, na watoto wakadakia. Kwa kuwa mama ameshafika, Injini akasema haiwezekani arudi hivi hivi. Basi akapanda naye farasi wa mbao, mzunguko mmoja, na kandambili yake.

Saa saba mchana walikuwa nyumbani.

"Sasa lala," fundi akasema.

"Nilale vipi, baba watoto, na mlinzi mwenyewe ni wewe?"

Fundi aliingia sebuleni na watoto, akarudisha mlango wa chumba.

Binti yangu akajilaza na koti lake, macho kwenye dari. Akasikia watoto wakichekacheka. Akasikia fundi akisema, "Tulia, nisikuchome." Halafu kimya. Na mama wa watoto watatu, kelele hazimsumbui. Kinachomwinua kitandani ni kimya. Akanyata, akachungulia.

Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo umeuegemea mlango wa nje, anakoroma. Kifaranga kalala kifuani pake, Injini kushoto mdomo wazi, Wakili kulia kakunja ngumi kama aliyekatizwa maneno. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye mkono wa shati la fundi. Binti yangu akainama. Wote walikuwa wamepigwa bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza nguo kabla ya kushonwa: shati la Injini kwenye mguu wa kushoto wa suruali ya baba yake, sketi ya Wakili kwenye mguu wa kulia, na gauni la Kifaranga, lenye manyoya ya sungura, kwenye shati pale tumboni.

Akauvuta uzi mmoja kidogo. Ulikuwa umeshika.

Akarudi chumbani mkono mdomoni, asiwaamshe kwa kucheka. Mlango akauacha wazi. Akasema moyoni atavua koti kwanza, akaketi ukingoni mwa kitanda, akafungua kifungo cha juu, na cha pili hakukifikia.