Debe la Mwanvita

Bi Shamsia alipanda mlima siku ile bila kupumzika, na kila aliyemwona njiani alijua kuna jambo, maana tangu magoti yaanze kumsumbua alikuwa hapiti nyumba mbili bila kuomba maji. Alifika kwa dada yake akihema. Akamkuta Bibi Mwanvita amekaa uani juu ya kigoda, anachambua pilipili manga mkekani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa kwanza. Maji yale pale mtungini."

"Sitaki maji. Mjukuu wako ametuvua nguo sokoni."

Bibi Mwanvita hakuacha kuchambua. Ndivyo alivyoumbwa. "Mjukuu yupi, na nguo gani?"

"Sabra! Una mwingine anayepiga makelele kwenye spika? Nimeshuka gulioni Kinole, nachagua zangu dagaa, kijana mmoja kawasha simu yake. Nikasikia wimbo. Wimbo wetu, Mwanvita. Wa ndani! Unalia pale katikati ya vitunguu na wanaume."

Hapo mkono wa Bibi Mwanvita ukasimama juu ya mkeka.

Sasa wimbo wenyewe ni hivi. Katika milima ile, msichana akishavunja ungo huwekwa ndani, akawa mwali, na wanawake watu wazima wa ukoo wakamfunza. Humo ndani kuna wimbo. Sauti yake ya kuanzia hata watoto wanaijua, lakini maneno yanayofuata hayatoki nje ya mlango, na hapa pia hayataandikwa. Kungwi anayeuongoza alikuwa Bibi Mwanvita. Kabla yake alikuwa mama yake, na kabla ya huyo, mama wa mama yake.

Tatizo ni kwamba nyumba ile iko kando kabisa ya njia. Kwa hiyo mwanamke mmoja hukaa mlangoni, na akiona mwanamume au mtoto anakuja, husema, "Mtu anapita!" Papo hapo Bibi Mwanvita hushika debe lake lililobonyea upande mmoja, akalipiga kwa nguvu zote, na wengine wakapiga vigelegele na kupayuka lolote linalowajia mdomoni, mpaka mpita njia apotelee kwenye kona. Wako wanaume kijijini pale walioota mvi bila kuambulia neno moja. Wao walipata kelele tu.

Sabra alilelewa katika nyumba ile, na alikuwa mwali humo humo. Sasa alikuwa msichana mkubwa, anatengeneza simu kwenye kibanda mjini Morogoro, karibu na soko kuu. Kazi ikiisha, yeye na wenzake wawili, Frank na Glory, walikuwa na bendi yao, Kinu cha Umeme. Frank hufungua vinanda vibovu na kuunganisha nyaya mahali pasipotakiwa, makusudi. Glory hugonga vyuma na kuvipitisha kwenye kompyuta. Sabra hupiga mayowe. Muziki huo wenyewe wanauita panki. Bibi Mwanvita alisikia mara moja kwenye simu, akauliza kama aliyeumia alipelekwa hospitali.

Albamu yao ya kwanza ilikuwa imepita bila watu wengi kujua. Hii mpya waliihangaikia mno, na kabla haijatoka walikuwa wamerusha kipande kidogo ili watu waonje. Hicho ndicho Bi Shamsia alichokutana nacho gulioni.

"Ijumaa tunakutana kupanga siku ya binti wa Yasmin kuingia ndani," Bi Shamsia alisema. "Nitasimama niseme. Kungwi ambaye wimbo umetoka nyumbani kwake hawezi kukalia tena kile kigoda. Hata kama tumenyonya ziwa moja."

"Utasema," akajibu Bibi Mwanvita. "Lakini kwanza tumsikie mwenye kosa."

Akampigia Sabra simu. Kesho yake mchana mtoto akafika, kapanda bodaboda hadi barabara ilipoishia, kisha kwa miguu, spika ndani ya begi mgongoni. Nywele zake alikuwa amezinyoa upande mmoja.

"Shikamoo, mke mwenzangu!"

Huo ndio utani wao tangu babu yupo hai. Jibu lake siku zote lilikuwa "Marahaba, mwizi wa mume," na baada ya hapo kicheko. Siku ile Bibi Mwanvita alijibu, "Marahaba," akaishia hapo. Sabra akalishusha begi polepole, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa ndani.

"Shikamoo, bibi mdogo."

"Marahaba," alisema Bi Shamsia, aliyekuwa amepanda tena siku hiyo, akiutazama ukuta.

Wakaingia kwenye chumba kile kile anachowekwa mwali. Bibi Mwanvita hakupaza sauti.

"Wimbo umeuweka kwenye muziki wenu?"

"Nimeuweka, bibi."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza. Niliona utakataa kabla hujausikia."

"Msikie!" Bi Shamsia akafyonza. "Msikie mtoto wa siku hizi!"

"Bibi mdogo, najua nimekosa," Sabra akasema. "Lakini nimekuja na neno moja. Albamu inatoka Jumapili. Bibi akisema isitoke, haitoki. Wenzangu nimewaambia, wamekubali. Frank alilia kidogo, lakini amekubali."

"Si muuondoe wimbo huo tu, nyingine zibaki?" aliuliza Bibi Mwanvita.

"Nyimbo zote zimeshonwa kwa huo, bibi. Ukiuchomoa, zote zinafumuka." Akapiga magoti kuwasha spika. "Naomba kitu kimoja. Usikilize yote, mpaka mwisho."

Bibi Mwanvita akamtazama. Mtoto alikuwa anasokota ncha ya shati lake kidoleni, kama alivyokuwa akisokota ncha ya kanga enzi zile katika chumba kile. Kama angesema hapana, angemvunja mtu huyu. Na akisema ndiyo, Ijumaa angelala si kungwi tena, na kiti cha mama yake kingekwisha mikononi mwake.

"Washa," alisema.

Bi Shamsia akaenda kukaa mlangoni. Hakuna aliyemtuma. Ni mazoea tu.

Muziki ukaanza. Kwanza ilikuja sauti kama bati linalong'olewa na upepo, halafu kama mashine ya kukoboa inayolazimishwa kuwaka asubuhi ya baridi. Kuku waliokuwa uani wakakimbilia migombani. Sabra aliyekuwa ndani ya spika akawa anapiga yowe, na Sabra aliyekuwa mkekani kainamisha kichwa. Bibi Mwanvita alisikiliza kama anavyongoja maharage kuiva, mikono mapajani, bila kuharakisha kitu. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili ukapita. Hakuelewa hata kimoja, ila aliona kwamba chini ya fujo ile kulikuwa na mwendo anaoujua, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kuufuata bila ruhusa.

Ndipo ikaja ile sauti ya kuanzia. Sabra aliiimba safi, taratibu, kama ilivyo. Bibi Mwanvita akaisogelea spika, maana baada ya hapo ndipo lilipo neno lenyewe.

"Mtu anapita!" ikapiga yowe spika.

Na debe likaangukia pale. Lilikuwa debe kubwa kuliko nyumba, debe lenye radi ndani yake, na vyuma na vinanda vibovu vikalifuata nyuma vikipayuka. Neno likazama humo lote. Kelele zikapungua, wimbo ukarudi, ukatembea kidogo mpaka kwenye neno jingine.

"Mtu anapita!"

Debe likaanguka tena. Kule mlangoni Bi Shamsia alinyoosha shingo, akachungulia njiani kutazama nani anakuja. Hapakuwa na mtu. Akajirudi, akajitia kukung'uta vumbi kwenye kanga.

Ikawa hivyo kila mahali panapohusika. Hakuna hata mahali pamoja paliposahauliwa. Bibi Mwanvita alikuwa anahesabu kwa midomo, bila sauti, na kila alipofika kwenye neno alikuta limeshafunikwa.

"Debe hilo ni langu," alisema.

"Ni lako, bibi. Nilikuomba wakati wa masika."

"Nikadhani unakwenda kuwekea mkaa."

"Hukuniuliza nalipeleka wapi."

"Na wewe hukuniuliza," akasema Bibi Mwanvita, lakini kwa sauti iliyoanza kulegea.

Bi Shamsia hakuwa amekwisha. "Sisi hatusikii neno kwa sababu tumeshazoea kuliziba. Je, mwanamume aliyetulia, anayesikiliza leo na kesho, hataliokota?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Kabla Sabra hajajibu, Bi Shamsia akageuza uso nje, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mtu anapita."

Alikuwa Mzee Pazi, mdogo wa marehemu mume wa Bibi Mwanvita, na mkungu wa ndizi begani.

"Mwite," alisema Bibi Mwanvita.

"Mimi?" Mzee Pazi alisimama mbali kabisa. "Kuna mwali humo?"

"Hakuna, shemeji. Njoo usikilize kitu."

"Mkinifanyia ubaya, mjue nina watoto."

Akasogea mpaka kizingitini, akatua mkungu, akainamisha sikio. Sabra akarudisha wimbo mwanzo. Mzee Pazi akakunja uso.

"Wanasema nini, shemeji?" aliuliza Bi Shamsia.

"Nani anasema? Hapa hakuna anayesema. Hapa mashine imemeza jiwe." Akaendelea kusikiliza. Debe lilipoanguka, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akaokota ndizi zake. "Aa! Hili nalijua! Si debe lako hili, Mwanvita? Nalikimbia tangu sijaoa. Nikilisikia tu, miguu inajiondokea."

"Na maneno?"

"Maneno gani? Maisha yangu yote hamjanipa hata herufi, leo ndiyo mnanitahini?" Akaweka mkungu begani, lakini hakuondoka. "Hebu rudia kidogo pale penye debe."

"Nenda zako, Pazi!"

Akaenda, anacheka peke yake, na mwendo wake, yeye mwenyewe hajui, ulikuwa unafuata lile debe.

Bi Shamsia alijifunika mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika. Alipofunua uso alikuwa ameshajirekebisha. "Kule gulioni nilisikia mwanzo tu," alisema. "Niliwaka, nikaondoka na dagaa nikawaacha."

"Hukungoja debe," alisema Bibi Mwanvita.

Lakini Sabra hakucheka. "Bado mwisho, bibi. Mwisho ndio ninaouogopa."

Mwisho haukuwa na chuma wala kinanda. Ilibaki sauti ya Sabra peke yake, chini kabisa, kama mtu anayeongea na ukuta:

*Lala, mwanangu, lala,
mlango nimeushika mimi.*

"Hiki sikijui," Bi Shamsia alisema. "Hakimo kwenye wimbo."

Bibi Mwanvita alikijua. Mwaka ule Sabra alipowekwa ndani, Bi Shamsia alikuwa Dakawa, kwa mwanawe, kwenye mavuno ya mpunga. Hakuona. Wimbo ule una mahali ambapo mama wa mwali, aliye nje, huitikia kupitia ukutani. Mama yake Sabra alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Walipofika mahali pale, nje pakawa kimya, na mtoto akaanza kutetemeka chini ya kanga. Bibi Mwanvita akaweka debe chini, akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akaimba kilichomjia. Aliporudi ndani akashika debe lake kama kawaida, na hakukizungumza tena. Alikuwa hata amekisahau.

"Yale mengine nilijua pa kuyafunika," alisema Sabra, macho mkekani. "Hiki sikujua. Nilipiga debe juu yake, nikaona nakukosea. Nikaliondoa, nikaona nakuanika. Uniambie wewe. Nikifunike?"

Bi Shamsia alimgeukia dada yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hicho si cha ukoo, dada. Hicho chako."

Bibi Mwanvita akanyoosha mkono, akakitoa kile kidole cha Sabra kwenye ncha ya shati kilikojisokota, akakishika.

"Mama wa mwali huwa anaitikia vipi, Shamsia?"

"Kwa sauti kubwa."

"Kwa nini?"

"Ili walio njiani wasikie kuwa mtoto ana mwenyewe."

"Basi." Akamgeukia Sabra. "Mahali pa mama hapapigiwi debe. Kiache hivyo hivyo. Watu wasikie."

Sabra akamwangukia mapajani, kichwa kile kilichonyolewa upande, akalia kwa sauti ya kawaida ya mtu, haikuwa ile ya kwenye spika. Bibi Mwanvita akapapasa upande ulionyolewa, akanung'unika kwamba walau wangemaliza na wa pili.

Jua lilipoanza kuegemea mlimani, Sabra akafunga begi lake ashuke awahi bodaboda. Bi Shamsia alimsindikiza mpaka mwisho wa ua, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ijumaa nitasema, kama nilivyoahidi," alimwambia. "Nitasema kungwi wetu ni yule yule, na wimbo umelindwa mpaka ndani ya mashine. Lakini binti wa Yasmin haingii ndani tukipiga sufuria. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi mdogo."

Akashuka. Alikuwa ameshafika kwenye kona, pale wapita njia wanapopotelea, Bibi Mwanvita, aliyekuwa amerudi uani kuchambua, aliposimama kutoka kwenye kigoda chake, pilipili manga zikamwagika kutoka mapajani, akaita kwa sauti ambayo alikuwa hajaitumia miaka mingi:

"Na debe langu lirudi, mwizi wa mume!"

Sauti ikajibu kutoka bondeni, kubwa, ya mtu anayejua kupiga mayowe, hata Mzee Pazi aliisikia huko migombani kwake:

"Nakuja nalo, mke mwenzangu!"

Bibi Mwanvita akaketi, akaanza kuokota pilipili zake, moja moja.