Mtani Hana Kesi

Sufuria yangu kubwa, ile ya sikukuu, mume wangu Gaudensi aliiyeyusha ili apate vikanyagio viwili vya pikipiki. Hakuniomba. Nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha, nikamkuta ameketi chini uani, mguu wa kulia ameunyoosha kama kawaida yake, anamimina aluminiamu ya moto kwenye sanduku la mchanga mbichi. Nilimgombeza kwa Kingoni, nikamaliza kwa Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Pendo, sufuria utanunua nyingine. Goti halinunuliwi."

Kwa goti hilo alikuwa anashinda kila ubishi wa nyumba yetu, na mimi nilishachoka nalo.

Sisi ni watu wa Songea. Kazi ndiyo iliyotuleta Mtwara, kama ilivyowaleta majirani zetu wengi wa hapa Magomeni. Mimi mwalimu, yeye alikuwa fundi wa mitambo bandarini. Msimu mmoja rundo la magunia ya korosho lilimporomokea. Mifupa iliunga, lakini goti likakataa kukunja. Tangu hapo akawa mtu wa kupakiwa. Kwenye bajaji mguu unatokeza nje, kwenye bodaboda hawezi kabisa, kanisani anapelekwa nyuma ya pikapu ya jirani pamoja na viti vya kwaya. Mtu aliyekuwa anafungua injini ya winchi akaifunga tena peke yake, leo watu wanne wanashauriana namna ya kumshusha. Maumivu aliyavumilia. Kupakiwa ndiko kulikomla.

Halafu akaona kwenye simu picha za chopa, zile pikipiki ndefu za Wazungu ambazo uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, unakwenda mbali na mwendeshaji anakaa amejiegemeza, miguu yote miwili ameinyoosha mbele. Aliniita nikiwa napika. "Tazama," akaniambia, "hawa wote magoti yao ni mazima, na wanakaa kama mimi."

Akanunua bodaboda ya Kichina iliyochakaa, akaivunjavunja uani. Uma aliutengeneza kwa mabomba ya maji. Usukani aliukunja kwa moto, bomba akalijaza mchanga mkavu kwanza na kuziba ncha ili lisibonyee. Tenki alilifua kwa bati la pipa, siku nzima nyundo inalia, majirani wananiuliza mimi kama nina mamlaka juu ya nyundo ile. Nililalamika, nakiri, lakini usiku alikuwa analala. Kabla ya hapo alikuwa halali.

Sasa nimtaje Manuel. Manuel alikuwa Mmakonde wa Msimbati, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na jina la Kireno wakavuka nalo. Mmakonde na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu waliopigana, na utani si mchezo wa kuigiza. Mtani wako anaingia kwako akabeba kuku, wewe unacheka. Anakutukana mbele ya wakwe, unacheka. Ukikasirika umejivunjia heshima wewe. Na ukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa ili wasife kwa majonzi.

Goti lilipovunjika, watu wote walikuja na sauti za chini. Pole sana, Mungu ni mwema, utapona. Manuel aliingia wodini na mzigo wake wa samaki unaonuka, akamtazama mgonjwa, akasema kwa ile lafudhi yao inayokwenda puani, "Nngoni, mlikuwa mnakuja kwetu mbio na mikuki. Njoo sasa, tuone utanikamataje."

Gaudensi alicheka mpaka nesi akaja. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu alazwe. Kuanzia hapo Manuel akawa ndiye mtu pekee asiyemhurumia, na mume wangu alimpenda kwa hilo kuliko alivyowapenda ndugu zake wa damu. Kila Manuel alipokuja mjini kuuza, alipita kwetu, akalichungulia lile dude la uani na kulisimanga. Hii ni pikipiki au ngazi ya kuangulia nazi? Hii itakwisha lini, au unasubiri goti lako la kushoto nalo ligome? Gaudensi alijibu mapigo, kisha Manuel akiondoka anashika nyundo kwa nguvu mpya.

Jumamosi moja alikuwa amebakiza shingo. Shingo ndiyo pale uma unapoungana na fremu, na uzito wote wa mbele unakaa hapo. Ili uma ulale kama anavyotaka alikuwa ameikata fremu na kuiinamisha upya, akaishikiza kwa vidonge vichache vya kuchomelea, hapa na hapa, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kwa uzi mrefu kabla ya kushona. Alitaka kuichomelea sawasawa jioni ile. Umeme ukakatika na haukurudi.

Nilimwona anachukua brashi na rangi nyeusi.

"Baba Pendo, mbona unapaka na hujachomelea?"

"Manuel anakuja kesho. Akiona kidonda kile hataninyamazia mwaka mzima. Jumatatu nitaikwangua, niichomelee, nipake tena."

Nikamwambia kumbe rangi imekuwa kitu cha kuchezea, nikarudi kusahihisha madaftari ya watoto. Asubuhi pikipiki ilikuwa imesimama uani inang'aa. Nilikuwa nimeitukana kwa miezi, lakini nakubali ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndefu, na vile vikanyagio vya sufuria yangu vimekaa mbele kabisa, vinangoja miguu ya mume wangu.

Manuel alitukuta tumetoka misa. Aliizunguka kimya, na kimya cha Manuel kilikuwa sifa. Gaudensi aliketi kwenye kiti chake akijitahidi asitabasamu. Aliinuka akawasha injini ili Manuel asikie mlio, akaiacha inanguruma, akarudi kitini.

"Nngoni," Manuel akasema, "hii nimeiteka." Akarusha mguu, akakaa.

"Shuka. Shingo bado."

"Shingo ipi? Yako au yake?"

"Nimeishikiza tu, Manuel. Haijachomelewa. Itakuua."

"Ehe. Juzi ulisema samaki wangu wataniua. Shemeji, huyu ntu anaona uchungu wa chombo, anataka kunitisha kwa kifo."

Alinitazama mimi, na mimi nilikuwa nacheka, maana ndivyo walivyokuwa wanaongea siku zote. Kuuana, kuzikana, kuibiana wake. Gaudensi alipaza sauti, "Nasema kweli, shuka," na Manuel akacheka zaidi, kwa kuwa mtani anayeapa kwamba anasema kweli ndiye mtani hodari. Aliinama akaitazama shingo. Nilimwona anaitazama. Aliona rangi nyeusi, laini, bila ufa. Akatia gia.

Gaudensi aliinuka bila fimbo akaanguka. Nilikimbilia kumwinua yeye badala ya kukimbilia lango. Pikipiki ikatoka, ikashika barabara ya bandarini, tukausikia mlio unapanda, halafu tukausikia unakatika. Kwenye mtaro ule wa maji unaokatiza barabara, gurudumu la mbele lilikwenda upande wake na fremu upande wake. Manuel alitangulia kichwa kwenye ukingo wa zege. Nilipofika alikuwa ameshakufa, na kofia yake ilikuwa bado kichwani.

Polisi walipima barabara, wakaandika ajali, wakayapakia yale mabomba kwenye gari lao. Hakuna aliyemshika mume wangu. Aliketi uani pale ilipokuwa imesimama pikipiki, hakula na hakulia. Mwili ulipelekwa Msimbati. Nilimwambia twende msibani, akatikisa kichwa.

Kesho yake asubuhi akaja Dercio, kaka mkubwa wa Manuel, mtu mfupi wa maneno machache. Alikataa kuketi.

"Kaburi halijachimbwa," alisema. "Tunawangoja watani."

"Kaka," Gaudensi akasema, "mimi nitakuja kwenu na uso gani?"

"Hilo ndilo lililonileta. Mtani hana kesi na mtani. Akichukua chako, amechukua. Chako kikimuua, kimemuua. Lakini usipokuja, sisi tutaketi tujiulize wewe ni nani wetu. Na kama si mtani, basi ni ntu aliyemuua mdogo wangu. Sasa chagua unakuja kama nani."

Alisema bila hasira. Nilitamani angekuwa na hasira, maana hasira ningeijibu.

Tulikodi gari dogo la mizigo. Gaudensi alipakiwa nyuma, mguu umenyooka juu ya mkeka, nami kando yake, vumbi lote la barabara ya Madimba likatuingia. Msimbati tulikuta watu wengi, wanawake wamejaa ndani na nje, na kilio kikatulia tulipoingia. Wote walijua pikipiki ilikuwa ya nani. Amelia, mke wa Manuel, alikuwa ameketi chini na kanga mbili mpya ambazo hakuwa amezichagua. Alimtazama mume wangu usoni, akangoja.

Gaudensi alichukua jembe kwanza. Hawezi kuinama, kwa hiyo alichimba amelala ubavu, na vijana wakamwachia nafasi. Kisha wakamletea koti la Manuel na kofia yake ile, wakiwa wameifua. Akavivaa. Ndiyo desturi. Mtani huvaa nguo za marehemu, akamwigiza, akamtukana, mpaka wafiwa wapumue kidogo.

Alianza vizuri. Alimwigiza Manuel akipandisha bei ya samaki na kuwasukuma nzi. Alimwigiza akiongea Kireno asichokijua mbele ya afisa wa uhamiaji. Mwanamke mmoja akaguna kwa cheko, wa pili akafuata, na uani pote pakalegea. Nikashusha pumzi. Nikafikiri, ameokoka.

Ndipo akasema, "Huyu Mmakonde mimi ndiye niliyemuua."

Wakacheka.

"Nasema mimi. Shingo ilikuwa haijachomelewa, na mimi nilijua. Nikapaka rangi juu yake ili asinisimange. Yeye aliinama akaitazama, akaona rangi yangu, akaamini. Mnanisikia?"

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akapiga paja, akasema Wangoni kwa majigambo hawajambo, hata ajali wanataka iwe vita waliyoshinda. Wanawake wakapiga vigelegele. Gaudensi akageuka akamkabili Amelia, kofia ya mumewe imemwinamia sikioni. "Mama, nilipaka rangi. Nilijua."

Amelia alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na naapa ilikuwa mara yake ya kwanza kupumua tangu Jumapili. Mume wangu akapaza sauti. Alirudia maneno yaleyale, shingo, rangi, nilijua, na kila aliporudia walicheka kwa nguvu zaidi, mpaka Dercio akatoka na jogoo aliyefungwa miguu, akamtia mkononi, kama anavyopewa mtani ili anyamaze. "Basi, mtani," akasema. "Umefanya kazi yako. Tumeridhika."

Wakamzika Manuel. Baadaye walituletea ubwabwa, na Amelia mwenyewe akampa Gaudensi maji ya kunawa na kumwita mtani. Alimwambia asipotee, aje arobaini. Hakuna neno jema ambalo hatukuambiwa siku ile.

Tulirudi jua lingali juu. Alikuwa amelala chali ndani ya gari, jogoo kifuani, anatazama mbingu inavyokwenda.

"Helena," akaniita. Jina langu huwa halitaji. "Wewe ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulicheka?"

"Sikucheka."

Gari likaingia kwenye mchanga, tukatikiswa, nikaushika mguu wake usigonge bodi. Nilikuwa na maneno tayari. Kwamba ulimwonya, kwamba umeme ulikatika, kwamba siku za mtu zikifika zimefika. Ndiyo maneno ninayowaambia wafiwa wote, na nayajua kwa moyo.

"Wote pale ni watani zangu," akasema. "Sina wa kuniambia kweli. Wewe niambie."

Nilimtazama mtu wangu, na vumbi limemjaa kwenye nyusi. Nikamwambia. "Ungemwachia aione shingo ilivyo, angeshuka. Ulimuua, Baba Pendo."

Akafumba macho. "Asante," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.