Maranda Sebuleni

Msumari alikuwa fundi seremala, msichana mwembamba na mbishi, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza viti kwenye sebule ya mama yake, kwa msumeno wa mkono na randa ya kuazima. Sasa alikuwa ameomba mkopo wa serikali wa vijana, anunue mashine ya kukatia mbao. Kilibaki kitu kimoja tu: afisa mikopo aione karakana kwa macho yake, atie saini. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Asubuhi akaenda barabarani kumpokea. Kabla ya kutoka alimwambia mama neno moja tu: "Leo tuna mgeni wa serikali."

Bora angenyamaza. Aliporudi na afisa, alisimama mlangoni akadhani amekosea nyumba. Sakafu inang'aa. Mezani kitambaa cheupe, na bilauri ya maji ya matunda imefunikwa kisahani. Viti alivyokuwa akivitengeneza, hakuna. Msumeno, hakuna. Hata harufu ya mbao ilikuwa imefukuzwa kwa sabuni.

"Karibu baba, karibu ukae," mama alisema, uso umemchanua.

Afisa akakaa, akanywa, akatazama huku na huku. "Asante, mama. Karakana iko wapi?"

"Karakana?" Mama akacheka. "Hapa ni nyumbani kwa watu, baba. Ule uchafu wa mtoto nimeshautoa wote."

Msumari alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumkasirikia mama hakuweza. Magoti ya mama yalikuwa bado yamelowa kwa kusugua sakafu. Afisa naye hakuwa mtu mbaya, ila sheria ni msumeno, na msumeno huo hakuna aliyekuwa ameuficha.

"Dada, nisipoona sehemu ya kazi siwezi kusaini," alisema, akifungua kalamu. "Itabidi niandike sikuona kitu."

"Usiandike!" mama akaruka. "Ngoja kwanza."

Akajifunga kibwebwe. Msumeno ukatoka uvunguni mwa kitanda. Randa na patasi zikatoka kwenye sufuria kubwa. Akapaza sauti juu ya ukuta: "Jirani ee! Rudisha viti vya mwanangu!" Vikaja viti vitatu visivyo na migongo, na jirani nyuma yake akiuliza kama wanahama. Kisha mama akaenda uani, akarudi na gunia la maranda aliyoyafagia alfajiri. Akasimama nalo kidogo, akiitazama sakafu yake. Halafu akalimimina lote katikati ya sebule.

"Mama, hilo halikuwa lazima," afisa alisema, akicheka hadi machozi.

"Lilikuwa lazima. Ndivyo panavyokuwa kila siku, na shahidi ni mimi. Huyu anafanya kazi, baba. Kazi kweli."

Miaka yote miwili Msumari hakuwahi kumsikia mama akiuita useremala wake kazi. Machozi yakamlengalenga, akainama akijifanya anatafuta penseli.

Afisa alisaini akiwa amekalia kiti kisicho na mgongo, viatu vyake vimezama kwenye maranda. Alipokwisha kuondoka, Msumari akachukua ufagio. Mama akamnyang'anya.

"Acha hapo hapo. Kwani kesho huji kazini?"