Pumzi za Nasike

Kwa miaka minane Nasike hakuwa amemsalimia jirani yake Jelimo, tangu Jelimo alipoukata mti wa mpakani na kuuchoma makaa. Kijiji kizima cha Tongaren kilijua, na watu walishazoea kuwaona akina mama hao wakipitana njiani shingo zimekakamaa.

Balaa jipya lilianzishwa na Nabwile, bintiye Nasike, mwalimu wa sayansi huko Kitale, alipokuja likizo ya Agosti. Wakiwa wanachuma kunde karibu na ua uliotenganisha shamba lao na la Jelimo, alimweleza mama yake kwamba mahindi hayajengwi na udongo peke yake. Sehemu kubwa ya mwili wa mahindi hutoka hewani, katika kaboni ambayo watu na ng'ombe huitoa wanapopumua. Nasike akaacha kuchuma. Akauliza kama hewa ya kinywani mwake inaweza kuvuka ua. Nabwile akasema hakuna ua wa kuizuia.

Nasike akayatazama mahindi ya Jelimo, marefu na manene kuliko yake, akaona mambo mengi yamejieleza.

"Kumbe miaka hii yote ni mimi namlisha," akasema.

Kuanzia hapo, kila alipokaribia ua alibana pumzi. Kizunguzungu kilipotaka kumwangusha, alifukua sandukuni barakoa ya wakati wa korona, akawa anaivaa hata akikama ng'ombe. Majirani hawakumuuliza, waliogopa tu. Jumapili iliyofuata nusu ya waumini waliingia kanisani na barakoa, na mchungaji akaombea ugonjwa ambao hakuna aliyejua jina lake.

Nabwile aliona aibu, akamchukua mama yake akapumzike kwake Matisi, mtaa wa Kitale. Nasike hakubembelezwa. Huko, mbali na ua, alipumua apendavyo, na ugali ulimkolea hata akawa anaomba aongezewe. Wiki ya pili aliingia stoo kutafuta ungo, akakuta gunia la mahindi limeandikwa kwa wino mwekundu: JELIMO.

Nabwile hakuweza kukana. Kila mavuno alinunua kwa Jelimo kwa sababu mahindi yake yalikauka vizuri. Akijitetea, akaongeza kwamba ugali ule mama alikuwa ameshaanza kuupumua nje, na upepo ungeufikisha popote, pengine hata Tongaren. Ndivyo ilivyo kwa majani, kwa ng'ombe anayeyala, na kwa sisi tutakapozikwa tuoze.

"Mama, hakuna mahali utaenda upumue peke yako," akasema.

Nasike alikaa juu ya gunia lile mchana kutwa. Kesho yake alirudi Tongaren, na kabla hajafika kwake akaingia kwa Jelimo, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Mama Kiptanui," akamwita kwa jina la mwanawe, "nimekula mahindi yako wiki mbili."

Jelimo hakuacha kuchambua. "Yalikuwa aje?"

"Matamu. Lakini mengine humo ni yangu."

Jelimo hakuelewa, ila alimvutia kiti. Nasike akamsimulia yote, hadi kubana pumzi na ile barakoa. Jelimo, ambaye naye alikuwa ameshona barakoa mbili kwa kuogopa ugonjwa, alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akasema mti ule aliukata kwa hasira ya jambo asilolikumbuka tena, na hata makaa yake yalikuwa mabaya, moshi mtupu. Akaomba msamaha.

Nasike akasema moshi huo ulipanda hewani, mahindi yakauvuta, kwa hivyo hata kama si wote, kidogo lazima ameshakula. Asingeweza kuushikia kinyongo mti ulio tumboni mwake.

Wakapika chai. Jioni walizunguka shamba la Jelimo pamoja, Nasike akikosoa kila mstari, ati umebanana na mwenzake, na Jelimo akimjibu kwamba mwakani aje apande mwenyewe.