Zulia Jipya Ndani ya Boti Kuukuu

Mama Pacha alikuwa akilipwa mshahara kwa kutoamini watu. Kampuni ya bima ilimtuma kwenye magereji kukagua magari yaliyopata ajali. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza mwenye gari akieleza jinsi ng'ombe alivyochomoka vichakani, kisha kuinama, kupitisha kidole kwenye rangi, na kuuliza kwa upole, "Na huyo ng'ombe alikuwa wa zege?" Ofisini walimwita Eksirei. Hakuchukia jina hilo. Shida ya jicho la namna hiyo ni kwamba halina swichi, ukifika nyumbani huwezi kulizima.

Na nyumbani, siku hizo, kulikuwa na jambo.

Mumewe alikuwa mwoka mikate, mtu mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Zamu yake iliisha mchana. Tangu pacha wao waondoke kwenda kujitafutia maisha, alikuwa akirudi moja kwa moja, anaoga, analala kidogo, wanakula pamoja jioni. Sasa alikuwa anaingia jua likiwa limeshaelekea kuzama.

"Tanuri limezingua tena," anasema huku akivua viatu.

Mama Pacha akajiuliza ni tanuri gani hili linaugua kuliko binadamu. Isitoshe, harufu ya mumewe alikuwa anaijua, unga na hamira. Chini ya hiyo hamira sasa palikuwa na kitu kingine, kama tina ya kuchanganyia rangi. Na kucha zake zilikuwa na weusi ambao hautoki kwenye unga. Aliliweka moyoni akasubiri mtu ajikanyage mwenyewe.

Siku moja wakiwa mezani, Baba Pacha akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Kuna boti inauzwa."

"Boti?"

"Boti ya injini. Ina chumba ndani, vitanda viwili, jiko, na choo chake. Ya zamani kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama sisi."

"Wewe," Mama Pacha akasema, "ukiingia kwenye beseni unashika ukuta."

"Ndiyo maana nataka yenye chumba."

Karibu acheke. Lakini Baba Pacha aliendelea kueleza, jinsi nyumba ilivyopooza watoto walipoondoka, jinsi watakavyoikarabati polepole, wapande mtoni mwishoni mwa wiki, wao wawili tu na birika la chai. Alieleza kwa ufasaha mno. Mume wake hakuwa msemaji. Mtu asiye msemaji akianza kumwaga maneno, basi ameyafanyia mazoezi mahali.

Jumamosi wakaenda kuiona. Mwenye boti alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Friji. Yadi yake ilijaa milango ya mafriji iliyoegemezwa ukutani, na mwisho wake iliteremka hadi mtoni. Hapo ndipo boti ilipokaa, juu ya magogo, chini ya turubai. Mbwa aliyefungwa mnyororo alimbwekea Mama Pacha kama mwizi, kisha akamwona Baba Pacha akaanza kutikisa mkia hadi kiuno kikapinda.

"Amekupenda haraka," Mama Pacha akasema.

"Harufu ya mkate hiyo."

Turubai likavutwa. Boti ilikuwa ndefu kuliko alivyotarajia, na nyeupe kuliko inavyofaa. Rangi mbichi, puti mpya kwenye ubavu. Aligonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akisikiliza. Bwana Friji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ndogo, alikuwa bado anajipapasa akitafuta ufunguo na kueleza kwamba mlango huwa unakwama kidogo, na kumbe Baba Pacha ameshaunyanyua kwa goti, akausukuma pembeni, ukafunguka. Goti lile halikukosea hata unywele mmoja.

Ndani kulinukia gundi. Na sakafuni, toka mlangoni hadi kwenye vitanda vya mbele, kulitandikwa zulia la kijani, jipya kabisa. Boti ina umri wa nyanya wa mtu, halafu imevaa zulia la bibi harusi.

"Hili la nini?"

Bwana Friji akamtazama Baba Pacha. Baba Pacha akamkazia macho, kisha akatazama dari.

"Pambo tu, dada," Bwana Friji akasema.

"Lifunuliwe."

"Limegundishwa."

Hapo mke wa Bwana Friji akachungulia na sinia la chai. Alikuwa mwanamke mcheshi, wa kucheka kabla hajasema, na macho yake yalikuwa kwa Baba Pacha. "Shemeji! Leo umependeza! Kumbe una nguo nyingine zaidi ya ile ovaroli?"

Kijiko kilisikika kikigonga kikombe.

Njiani kurudi, Mama Pacha ndiye aliyeendesha. "Unaonaje?" mumewe akauliza. "Naona," akajibu, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao mpaka nyumbani.

Jumapili nzima aliligeuza jambo hilo kila upande. Labda huyu Bwana Friji amempata mtu asiyejua kusema hapana, anataka kumbambikia gogo bovu. Labda wako pamoja, wanalenga akiba yao wagawane. Halafu kulikuwa na lile "shemeji", na kile kicheko. Wazo hilo alilifukuza. Likazunguka nyuma ya nyumba, likaingia kwa mlango wa jikoni.

Jumatatu alipiga simu kiwandani kwa mumewe. Msimamizi akashangaa. Tanuri? Tanuri halijawahi kuharibika, na Baba Pacha huondoka mchana kama kawaida. Mama Pacha akashukuru, akakata simu, akaligeuza gari.

Alimkuta Bwana Friji akichomelea bomba la friji. "Nimekuja kufunua zulia," akasema, bila hata kusalimia.

Bwana Friji akazima moto wake, akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa atue mzigo. "Funua, shemeji. Lakini lile zulia si langu."

"La nani?"

"La mumeo. Kalinunua mwenyewe, kaligundisha mwenyewe. Nilimwambia mara chungu nzima, bwana, mke hafichwi. Akaniambia, wewe humjui mke wangu."

Akaeleza yote. Boti ilikuwa ya kaka yake. Msimu mmoja wa mvua ilizama ikiwa imefungwa palepale gatini, ikakaa majini muda mrefu. Hilo alimwambia Baba Pacha siku ya kwanza, akamwonyesha na pale palipooza. Baba Pacha akaomba awe anakuja mchana ajaribu mkono, aone kama ataiweza.

"Na rangi?"

"Yake."

"Puti?"

"Yake, jamani. Vyote vyake. Mimi ningeiuza na tope lake."

Mama Pacha hakumwamini hata chembe. Mwongo aliyebanwa humsukumia lawama asiyekuwepo, na hayo alikuwa akiyasikia kila siku ya kazi. "Mbona Jumamosi ulisema ni pambo?"

"Aliniangalia. Umewahi kuangaliwa na mumeo kwa macho yale? Ungesema lolote."

Akapanda botini na bisibisi yake. Alipiga magoti kwenye kona, akatafuta pa kuanzia, na mkono ukasita. Pindo la zulia lilikuwa limekunjwa ndani na kubanwa kwa kidole gumba, alama baada ya alama, zikipishana kwa kipimo kimoja. Hivyo ndivyo mumewe anavyobana unga kwenye kingo za trei. Alikuwa ameutazama ubanaji huo jikoni kwake miaka yote ya ndoa.

Akalivuta. Ubao wa chini ulikuwa mweusi. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye parachichi.

Akakaa kitandani. Watu wote aliowahi kuwanasa kwa rangi mbichi na puti mpya walikuwa wageni, na walipomaliza kusaini aliwasahau. Huyu hakujua pa kumweka.

Mchana mnyororo wa mbwa ulilia kwa furaha. Baba Pacha akapanda ngazi akipiga mluzi, amevaa ovaroli yake. Alimwona mkewe, akaona zulia lililokunjwa, na mluzi ukaishia njiani.

"Tanuri limepona?" Mama Pacha akauliza.

Baba Pacha akakaa kwenye kizingiti.

"Ungesema hapana," akasema.

"Ningesema pameoza. Kwa sababu pameoza!"

"Si ndiyo hivyo hivyo? Kila ninacholeta nyumbani unakipindua chini juu. Feni. Ile meza. Hata rafiki yangu mshona viatu, ukasema anacheka sana, ana lake jambo. Alikuwa anacheka tu, Mama Pacha. Hakurudi tena." Alisugua rangi iliyokauka kwenye kidole. "Safari hii nilitaka ukipende kwanza, hata kidogo. Ndipo nikuambie."

"Na mimi je? Nimekaa nyumbani nikikupangia wanawake!"

"Wanawake?" Baba Pacha akashtuka kwelikweli. "Kwa mgongo huu?"

"Usinichekeshe. Bado nina hasira."

Na alikuwa nazo. Lakini lile la mshona viatu lilikuwa limemchoma. Alimkumbuka yule bwana, na kile kicheko chake, na kwamba hakuwahi kumpata na kosa lolote. Akashuka sakafuni.

"Uozo unaishia wapi?"

"Hapa." Baba Pacha akaonyesha kwa mguu.

Akadunga pale, kisha mbele yake kidogo, kisha akaingiza kichwa chini ya kitanda. "Hauishii hapo. Unaendelea mpaka kwenye mataruma. Mbavu mbili hizi zimekwisha."

Baba Pacha alikuja akainama kando yake, akajaribu mwenyewe, akaona. Uso ukamwanguka. "Basi," akasema. "Tuache."

Neno hilo ndilo Mama Pacha alilolifuata tangu asubuhi. Alipolipata, halikuwa na utamu wowote.

"Sijasema tuache. Nimesema hauishii hapo. Tujue kwanza unaishia wapi."

Wakapatana na Bwana Friji kwamba watakata ubao wote mbovu kwa nguvu zao. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti nzima, ukiwa mbovu wataondoka zao bila lawama. Ukiwa mzima watainunua, kwa bei ya boti yenye shimo. Bwana Friji akakubali papo hapo.

"Mbona amekubali upesi hivyo?" Mama Pacha akanong'ona wakirudi garini.

"Mama Pacha."

"Nauliza tu."

Jumamosi zilizofuata walizimalizia chini ya turubai, mume na msumeno, mke na bisibisi mbele yake akisema, "Bado. Bado. Hapo pia bado." Vumbi la ubao mbovu liliwaingia mpaka masikioni. Siku moja walichota tope la chini kabisa, na mkuku ukaonekana, mweusi kama lami. Mama Pacha akadunga kwa nguvu zake zote. Bisibisi ikagonga ikarudi, na mlio wake ukawa mkavu. Akadunga pengine. Akadunga tena, akawa anasogea na kudunga, mpaka mumewe akamshika mkono.

"Mkuku ni mzima. Usiutoboe wewe."

Wakainunua. Injini waliitupa, maana ile hata Bwana Friji hakuisifia, wakatafuta nyingine iliyotumika ambayo Mama Pacha aliikataa kisha akaikubali. Zulia halikurudi. Walipoishusha mtoni, Bwana Friji na mkewe wakipiga makofi kutoka ukingoni, sakafu ilikuwa mbao tupu na mwanga uliingia mpaka kwenye kona.

Mama Pacha alikaa kitandani, kiganja sakafuni. Baba Pacha akatambaa mbele, chini ya vitanda, akakawia huko. Mkewe akajikaza asimfuate. Alimsubiri arudi na uso wake ule wa siku za tanuri, aseme kila kitu ni safi.

Akatoka akipangusa kidole kwenye suruali. "Maji yanaingia," akasema. "Si mengi. Njoo uone."

Wakalala kifudifudi bega kwa bega. Kwenye maungio ya mbao mbili tone lilijikusanya, likanenepa, likadondoka, likaanza jingine.

"Pamba tuliyozibia haijabana vizuri pale," Mama Pacha akasema.

"Au ubao wenyewe una ufa."

"Ubao huo niliukagua mimi."

"Ndiyo maana nasema."

Mama Pacha akamgeukia. Baba Pacha hakuondoa macho kwenye tone.

"Lete tochi," akasema mkewe.